Kofia Isiyovuliwa

Nakiri: aliyemng'ata Bi Meno ni mimi.

Mji mzima wa Amu unaamini kwamba kovu lile jembamba, lililolala kwenye kidole chake cha shahada kama uzi mweupe, ni kazi ya mtoto. Ndivyo alivyosema mwenyewe kila alipoulizwa, na aliulizwa sana, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha mikono yake. "Niling'atwa na mtoto," angejibu, kisha kama nipo karibu angenitupia jicho na kuendelea na habari nyingine. Watu wakakumbuka ni nani aliyeingia chumba cha meno asubuhi ile, wakapiga hesabu zao, na lawama ikamwangukia binti yangu Tima, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Tima alikana. Mimi nikamtetea kwa maneno ya jumla: kwamba watoto wote huogopa, kwamba si vizuri kumsema mtoto, na kadhalika. Ni utetezi wa aina ile inayomzamisha mshtakiwa kabisa.

Ukweli ni huu. Tima alikuwa amekaa kwenye benchi akinyonya ncha ya mtandio wake, amekataa katakata kufungua kinywa. Bi Meno hakumbembeleza. Alinigeukia mimi.

"Profesa, keti wewe kwanza, mtoto aone."

Nikaketi. Kilikuwa kioo tu, kijikioo cha duara chenye mpini, na kidole chake kimoja kikisukuma shavu langu. Hakuna aliyenigusa kwa kitu chenye ncha. Lakini mimi ni mtu niliyepata kuandika makala nzima gazetini kuhusu ujasiri, na ambaye sijaingia chumba cha meno kwa hiari tangu nimalize shule. Kidole kilipofika gego la nyuma, mataya yangu yalijifunga yenyewe kama mtego wa panya.

Bi Meno hakupiga kelele. Alisema "Eee," kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiitarajia. Akakivuta kidole, akakifunga kwa pamba, akamgeukia Tima na kumuuliza kwa upole, "Na wewe pia hung'ata, au ni mamako tu?" Tima alicheka hadi akasahau kufunga kinywa. Ndivyo jino lake bovu lilivyoonekana.

Sitaeleza Bi Meno alizaliwa kisiwa gani wala babu zake walitoka wapi. Amu ina watu wa kutosha wa kazi hiyo, na wengi wao hawahitaji hata kuulizwa. Mimi namjua kuanzia mlango wa chumba chake: harufu ya asumini aliyoibana chini ya buibui, ikichanganyika na mafuta ya karafuu aliyotumia kutuliza meno ya watu. Hadi leo nikipita mahali penye harusi, asumini ikanijia, mataya hunibana kidogo.

Kwa cheo alikuwa afisa wa meno. Daktari hasa wa meno alikuwa mgeni aliyetumwa kutoka mbali, akakaa msimu, akapata uhamisho, akaja mwingine. Bi Meno alibaki. Watu wakamwita Daktari, na yeye, tofauti na watu wema wa kwenye hadithi, hakuwasahihisha hata mara moja. Alilipokea jina hilo kwa mikono miwili, akalivaa, likamkaa. Mimi aliniita Profesa, kwa sababu nilisoma chuo kikuu na kwa sababu alijua kwamba uprofesa haukunifikia. Yeye hakuwa daktari, mimi sikuwa profesa. Tulipeana vyeo ambavyo serikali ilitunyima, na urafiki ukaendelea vizuri.

Alijipenda. Nasema hivi kwa heshima. Kucha zake zilikuwa na hina isiyofifia, viatu vyake vilikuwa na kisigino hata kwenye vichochoro vya Mkomani ambako punda na mtu hupishana kwa kubana pumzi. Aliamini kwamba mgonjwa anayelala chali na kufungua kinywa amejidhalilisha vya kutosha, na angalau anastahili kutazama kitu kizuri juu yake.

Na alipenda halua. Hili lilikuwa jambo la aibu, au lingekuwa aibu kwa mtu mwingine. Asubuhi angesimama mbele ya wazazi akiwasomesha juu ya sukari, ya chai ya maziwa kwenye chupa ya mtoto, ya peremende zinazofichwa chini ya mto. Saa nne, chumba kikitulia, angevuta droo ya chini, akaondoa boksi la glovu, na chini yake kulikuwa na halua imefungwa kwa karatasi, inang'aa samli. Siku moja msichana mdogo, aliyekuwa akisubiri mamake, aliivuta droo ile kabla yake, akauliza halua ni ya nani.

"Yangu," Bi Meno akasema. "Na hukupi."

Mtu mzima angeambiwa kwamba ni zawadi ya mgonjwa, kwamba anamwekea jamaa, kwamba ni dawa ya kisukari. Maana watu wazima aliwadanganya mchana kutwa bila kupepesa. Alimwambia nahodha mmoja aliyekataa kung'olewa gego kwamba sumu yake ingepanda machoni asione tena mwamba. Alimwambia bibi wa jirani yetu kwamba soda humfanya mjukuu asahau Juzuu Amma. Nilipomuuliza hayo aliyasoma wapi, alisema hajayasoma popote, lakini jino la nahodha lilitoka na mtoto wa jirani sasa anakunywa maji.

Kwa mtoto hakusema uongo. Hii ndiyo sheria aliyokuwa nayo, labda peke yake. Hakuwahi kusema "haitauma," maneno ambayo mimi niliambiwa utotoni na mng'oaji mmoja wa meno mwenye koleo, nikayaamini, na matokeo yake ni kovu la Bi Meno. Yeye alisema, "Hii itakubana. Kama kiatu kipya cha Idi. Kesho utakizoea." Au alisema, "Hii itauma hadi nihesabu kumi," na alihesabu kweli, wala hakuirefusha saba kama wafanyavyo wengine. Mtoto akimuuliza kama atalia, humjibu, "Huenda. Mimi hulia."

Na kweli alilia, mahali ambapo hapakutarajiwa. Bi Meno, mtu wa visiwani, aliogopa bahari. Kila kliniki ya nje ilipofika, alipaswa kupanda boti kwenda Kiwayu na vijiji vya njiani, na kila mara aliketi chini kabisa kwenye sakafu ya boti, mgongo kwenye omo, mbele ya boti, buibui amelishusha hadi kidevuni, sanduku la vifaa mapajani, midomo ikisoma dua. Vijana wa boti walimtania bila huruma. "Bi Meno, tumefika," wangesema, na kamba haijafunguliwa bado. Naye kutoka chini ya buibui angewajibu kwamba meno yao anayajua yote kwa majina, na siku yao itakuja. "Mai haya hayana adabu," aliniambia mara moja, na mai kwetu ni maji. Nilisafiri naye safari hiyo, nikitafuta cha kuandika, na nilichokiona nilikiandika vibaya wakati ule kwa kutaka kuwachekesha watu wa Nairobi. Nitakiandika tena sasa. Boti ilipogusa mchanga Kiwayu alifuta macho, akarekebisha asumini, akashuka kama bibi harusi. Ndani ya darasa tulilopewa, mtoto mmoja alikuwa amejikunja chini ya dawati, anatetemeka, hataki kutoka. Bi Meno akapiga magoti na visigino vyake.

"Nimekuja kwa boti," akamwambia. "Naogopa bahari kuliko unavyoniogopa mimi. Nimelia ndia nzima, muulize huyo mama. Lakini nimekuja. Sasa ni zamu yako."

Mtoto akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akatoka.

Sasa nirudi kwenye jino la Tima, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Lilikuwa gego la utotoni, la chini kushoto, la nyuma. Limetoboka, halijafika kwenye mshipa. Mimi nilikuja nimeshaamua: ling'olewe. Si la maziwa tu? Si litaanguka lenyewe? Bi Meno aliniuliza kama nimewahi kupanda boti ya Mokowe siku ya soko. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nikitaka kushuka ninunue maji kabla haijaondoka, kiti changu nakifanyaje. Nikasema naweka leso yangu.

"Basi. Jino la utotoni ni leso kitini. Ukiiondoa mapema atakaa mwingine, na mwenyewe akija atasimama upande upande hadi mwisho wa safari." Akanitazama meno yangu ya mbele, yaliyopandana kama watu kwenye mlango wa msikiti wakitafuta viatu, na hakuongeza neno.

Alichofanya hakikuwa na sindano wala mashine ya kuchimba. Siku ya kwanza alipenyeza vipira vidogo sana kati ya meno ili kupanua nafasi. Tuliporudi aliondoa vipira, akafungua kisanduku chenye vikofia vya chuma vya kila saizi, vinang'aa, vidogo kama kastabini ya mwanasesere. Akajaribu kimoja, akajaribu kingine, cha tatu kikakaa. Akakitia saruji ya meno ndani, akakivika juu ya gego, akamwambia Tima aume pamba kwa nguvu zake zote. Ufizi ulibadilika ukawa mweupe kwa kubanwa. Tima alitoa machozi bila sauti. Kisha ikawa basi.

"Hii ndiyo kofia," Bi Meno akamwambia. "Ule uozo umefungiwa ndani, haupati chakula, utalala. Moto ukifunikwa sufuria hufa."

Tima akauliza, kwa kinywa nusu wazi, itatoka lini. Na nani ataitoa. Hapo ndipo hofu yake yote ilipokuwa. Niliiona kwa sababu ni hofu yangu.

"Hatoi mtu. Jino likitaka kwenda zake litakwenda lenyewe, na kofia yake kichwani. Hutavutwa wala hutakatwa."

"Wallahi?"

Bi Meno alivua glovu. Hakuwa mtu wa kuapa ovyo. "Wallahi," akasema.

Tima alitoka pale akiwa mtu mwingine. Chuoni, anakosoma Kurani, watoto walimzunguka waone jino la fedha. Mwalimu wake aliomba kwa adabu kwamba akisoma asigeukie dirishani, maana lilikuwa likimmulika. Binti wa shangazi yake alibandika karatasi ya biskuti kwenye jino lake zima akaenda nayo hadi jioni. Kama mambo yangeishia kwa watoto, yangeishia salama. Lakini nyumbani kulikuwa na mama yangu.

Mama hushona kofia. Kofia za vito, zile nyeupe ambazo nakshi yake ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na moja hula miezi. Tangu ujana wake amevika vichwa vya wanaume wa mji huu, anajua nani ana kichwa kirefu na nani kichwa chake kilikua baada ya kupata kazi serikalini. Yeye na Bi Meno walikuwa marafiki wa kutembeleana bila kubisha hodi. Msimu ule ule Mama alikuwa akimshonea mtoto wa Bi Meno kofia ya harusi, amefika nusu, na Bi Meno alipita karibu kila alasiri kuitazama na kula chetu.

Siku hiyo alipita. Mama alimketisha Tima mbele yake, akamfungua kinywa kwa kidole gumba, na kumuuliza Bi Meno hiki ni nini.

"Kofia," Bi Meno akasema, andazi la hamri mkononi.

Neno hilo lilikuwa kosa. Angesema kifuniko, angesema chuma, angesema hata taji, neno nililopendekeza mimi na hakuna aliyelitaka. Lakini kumwambia mshona kofia kwamba kile ni kofia ni kumwita hakimu.

"Kofia huvuliwa," Mama akasema. "Mtu huvua akilala, huvua akioga. Hii itavuliwa na nani?"

"Haivuliwi, Bi Zena. Huondoka na kitwa chake."

Kitwa kwetu ni kichwa. Bi Meno alikusudia jino. Alikuwa ametafuna hamri, alitaka kufupisha, pengine alitaka kuchekesha. Lakini mama yangu alisikia kofia moja duniani isiyotoka kwa mwana wa mwanawe mpaka kichwa nacho kiondoke. Niliona mkono wake ukisimama hewani na sindano.

"Na kitwa hicho ni cha nani?" akauliza polepole.

Nilijaribu kueleza. Nilieleza kwa Kiswahili sanifu, kwa mpangilio, hoja ya kwanza hoja ya pili, na kila hoja ilizidisha moto. Mama alisema anajua vizuri sana tofauti ya jino na kichwa, hajasoma lakini hajapotewa na akili. Anachosema ni kwamba jino la mtoto limeumbwa lianguke, na hawa wamelipigilia bati na saruji kama nyumba. Halitaanguka. Jipya litakosa ndia. Mtoto ataolewa na bati mdomoni na atazikwa nalo. Bi Meno, ambaye kwa mtu mzima yeyote mwingine angetunga uongo mzuri na mambo yakaisha, alifanya jambo la ajabu. Alisema kweli. Alisema litaanguka, amemwapia mtoto, na kama halikuanguka basi yeye ni mwongo na Bi Zena amwite hivyo sokoni.

"Ntakwita," Mama akasema. Akachomeka sindano kwenye ile kofia ya harusi, akaikunja, akaiweka juu ya kabati.

Kijana wa Bi Meno alioa na kofia ya kununua Mombasa.

Watu hawa wawili hawakugombana zaidi ya hapo. Walisalimiana barabarani, maana salamu hainyimwi. Lakini Bi Meno hakupita tena alasiri, na kofia ilikaa juu ya kabati na sindano yake hadi sindano ikashika kutu.

Mimi nilidhani ni ugomvi wa wanawake wawili wenye vichwa vigumu. Haukuwa hivyo tu. Mama ana neno mtaani. Akina mama wengine walipoambiwa watoto wao wavikwe kofia, walijibu kwa heshima, "Tusubiri ya Tima kwanza." Ndiyo sauti iliyokaa mlangoni mwa chumba cha meno kwa miaka yote iliyobaki. Tusubiri ya Tima. Na wakati wanasubiri, meno ya watoto wao yaliendelea kuoza na yaling'olewa, na aliyeyang'oa alikuwa Bi Meno. Nilimkuta mara moja baada ya kazi hiyo akiosha mikono, anaisugua kuliko inavyohitaji. "Leso nyingine imeondolewa kitini," akasema. Alipostaafu, kisanduku cha vikofia alimkabidhi mrithi wake kikiwa karibu kijae kama alivyokipata.

Wala hakuniomba niseme chochote. Ningeweza kwenda kwa akina mama wale. Ningeweza angalau kusema kwamba mtoto wangu hakumng'ata mtu, kwamba alikaa kwenye kiti kile kwa utulivu kuliko mamake. Nilikuwa na shughuli; nilikuwa naandika kuhusu ustawi wa jamii.

Mwaka huu Tima ametimiza kumi na moja. Gego mwenzake la kulia, lisilo na kofia, lilianguka kabla ya Ramadhani. Akapanda juu, akalirusha kwenye makuti na kuliombea jipya, kama tulivyofanya sote. La kushoto likakaa. Idi ikapita, limekaa. Mama akaanzisha desturi ya kulikagua kila asubuhi. Alivaa kastabini yake kidoleni, akaligonga, ngo, ngo, akasikiliza, na kutangaza kwa nyumba nzima: "Mwenyewe yumo."

Wiki iliyopita nilivuka kwenda Mokowe. Nilijiambia naenda kumjulia hali Bi Meno, na nilimbebea halua, lakini nilikuwa naenda kumuuliza juu ya jino.

Anaishi kwa mwanawe, yule yule wa kofia ya Mombasa, ambaye ana duka la saruji na mabati njia ya kutoka gatini. Bi Meno aliyewacheka watu wa bara maisha yake yote, aliyesema vumbi lao huingia hadi kwenye majina yao, sasa ameketi kwenye kibaraza cha bara, kati ya mabati, na mwasumini wake ameupanda kwenye debe la rangi. Nilimuuliza mbona harudi hata kutembea. "Nimevuka kuhamia huku nikafika salama," akasema. "Kuvuka mara ya pili ni kumjaribu Mungu." Anatembea kwa taabu kidogo siku hizi. Viatu bado vina kisigino.

Tulikula halua kwa vidole. Aliniuliza habari za kila mtu: waliooa, walioachana, daktari mpya wa meno kama ana mkono mwepesi. Alimuulizia hata punda wa jirani yetu. Tima hakumuulizia. Ndipo nikajua kwamba anaogopa.

Mwishowe, akitazama barabara, akasema, "Na la kushoto?"

"Bado."

"Linatikisika?"

"Mama anasema halitikisiki."

"Sikumuuliza mamako. Wewe umelishika?"

Nikakiri kwamba sijalishika. Nasita kutia kidole kinywani mwa mtu.

"Una haki," akasema, akikitazama kidole chake. "Watu hung'ata."

Tulicheka, kisha kicheko kikatuishia. Nje mwanawe alikuwa akisimamia mifuko ya saruji ikipakiwa kwenye mkokoteni.

"Nimewaongopea watu wazima wengi," Bi Meno akasema. "Nikifa, watanidai. Mtoto sijapata kumwongopea. Huyo wako nilimwapia, na nilimwapia kwa sababu aliniuliza akinikodolea mato yake yote. Meno si mapacha, moja hutangulia. Lakini ukipita msimu huu halijatoka, ntavuka mai mwenyewe nije nimwambie Tima kwamba nilikosea. Mamako simwendei. Namwendea mtoto."

Niliwaza tu juu ya sakafu ya boti.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mama. Lazima ieleweke kwamba mama yangu hapigi simu. Yeye hubipu, ikalia kidogo akakata, gharama ni ya mwanawe. Safari hii ililia, ikaendelea kulia. Vidole vyangu vilikuwa samli tupu, kwa hiyo nikaigusa kwa kifundo na kuweka sauti ya nje.

"Uko na yule?" Mama akasema. Hakutoa salamu.

"Niko naye."

"Limetoka."

Nyuma yake nilimsikia Tima akipiga kelele kwamba alikuwa akila mkate wa mofa, akila tu, hakulivuta, Mama aseme kwamba hakulivuta.

"Na kofia?" Hilo halikuulizwa na mimi. Bi Meno alikuwa ameinama juu ya simu, uso umefika karibu na sahani.

Miaka mitano walikuwa wakipeana salamu tu.

"Na kofia yake," Mama akasema. "Ninalo kiganjani. Kofia na kitwa chake."

"Na pale palipotoka? Pana nini?"

"Pana ncha nyeupe. Nimeigusa kwa kidole." Sauti ya Mama ikageuka, akawa anamwambia Tima ashuke ngazi. Kisha akaturudia. "Anataka kulirusha juu ya makuti. Nimemkataza. Halirushwi kabla sijalipitisha mlango hadi mlango, waone."

Bi Meno alifunga macho. Niliona midomo yake ikisoma, kama kwenye boti.

"Bado yupo hapo?" Mama akauliza.

"Yupo, Mama."

"Basi muulize Daktari," akasema mama yangu, ambaye hakuwahi kumwita hivyo hata walipokuwa marafiki, "kitwa cha mwanawe bado ni kile kile?"

Bi Meno akageuka kumtazama mwanawe kule nje kwenye mkokoteni wa saruji, shingo nene, kichwa wazi juani. Akachukua kitambaa, akafuta vidole vyake kimoja kimoja, hadi kile chenye kovu.

"Mwambie kimezidi kidogo," akasema. "Mwambie asianze kwa kukisia. Ntavuka mai nimletee kipimo mwenyewe."